Ganda la korosho linaunguza nini, na mafuta yake yana mnunuzi gani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Newala. Mama yangu na wenzake wana kikundi cha kubangua korosho. Wanazipika kwa mvuke kwenye pipa, kisha wanazikata kwa mashine za mkono. Kila msimu mikono yake inakuwa myeusi na inachubuka mpaka anashindwa kumega ugali wa moto. Majirani wanasema ni salfa inayopulizwa kwenye mikorosho. Juzi mdogo wangu aliwashia jiko maganda, siku ya pili yake uso ukavimba. Sasa amekuja mnunuzi anataka maganda kwa gunia, anasema ndani yake kuna mafuta ya kutengenezea breki za magari. Hiyo ni sumu gani ambayo watu wanainunua? Na kama ina fedha, tuuze maganda au tukamue wenyewe?"

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole ya mikono.

Nianze na salfa, maana imeshasingiziwa mengi. Salfa hupulizwa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua na majani machanga. Kazi hiyo hufanyika wakati mikorosho inatoa majani mapya na maua, miezi kadhaa kabla korosho hazijadondoka. Ni kweli kwamba vumbi lake linawasha macho na ngozi ya mpulizaji. Lakini salfa haifanyi mikono kuwa myeusi, wala haitoi malengelenge kwa mtu anayekata korosho mwezi wa 11. Ukitaka kuhakikisha, chukua korosho za ule mkorosho wa nyuma ya nyumba ambao hakuna mtu aliyewahi kuupulizia chochote. Zitaunguza vilevile. Mti huu Wareno waliutoa Brazili wakauleta pwani yetu karne ya 16, na huko kwao wenyeji walikuwa wakizichoma korosho kabla ya kuzila, karne nyingi kabla salfa haijafika Mtwara. Kosa ni la ganda lenyewe.

Lipasue ganda bichi kwa kisu uliangalie. Lina ngozi ya nje na ngozi ya ndani, ngumu zote mbili, na katikati kuna nyama yenye vishimo vingi kama sega la nyuki. Vishimo hivyo vimejaa mafuta mazito ya kahawia. Ni silaha ya mbegu dhidi ya wadudu, panya na nyani, na inafanya kazi. Sisi tuliokulia huku tulikutana nayo utotoni: unatoboa kipande cha bati, unaweka juu ya mafiga matatu, unamwaga korosho, na baada ya muda zinaanza kutema moto kwa sauti ya pssst, miale inaruka huku na huku, watoto tunakimbia tunacheka. Kisha bati linapinduliwa, tunatupia mchanga kuzima moto na kunyonya mafuta, halafu ndipo tunagonga kwa jiwe. Ule mchanga hatukuambiwa kazi yake, lakini bibi zetu waliijua: korosho ambayo haijapita kwenye mchanga iliwatoa watu vidonda mdomoni.

Sasa kemia, na hapa unisikilize vizuri, kwa sababu mikono ya mama na bei ya mnunuzi zote zinategemea jambo hili moja. Tunasema "mafuta", lakini si mafuta kama ya ufuta au ya nazi. Mafuta ya kula ni gliserini iliyofungamana na asidi za mafuta. Haya ya ganda ni jamii ya fenoli. Fikiria pete ya kaboni sita, na kwenye pete hiyo umening'inia mkia mrefu wa kaboni 15. Ndani ya ganda bichi, sehemu kubwa ya mafuta, kama asilimia 60 hadi 70, ni asidi ya anakadiki. Pete yake ni ileile ya asidi ya salisili, ambayo ni mzazi wa aspirini, ila imevishwa mkia. Inafuata kadoli, asilimia 10 hadi 20, ambayo pete yake ina vikundi viwili vya haidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni zilizoshikana. Halafu kuna kadanoli kidogo, yenye haidroksili moja tu, pamoja na ndugu wengine wachache.

Ukipasha mafuta haya hadi nyuzi joto 180 au 200 za Selsiasi, ile asidi ya anakadiki inavunjika. Inatoa hewa ukaa, mafuta yanatoa povu, na kinachobaki ni kadanoli. Kwa hiyo mafuta mabichi yaliyojaa asidi na mafuta yaliyopikwa yaliyojaa kadanoli ni bidhaa mbili tofauti, ingawa ukiyaweka kwenye chupa mbili zinazofanana mtu wa kawaida ataona giza tu kote. Mvuke wa pipa la kina mama haufiki joto hilo. Unalainisha ganda ili likatike bila kuvunja kiini, basi. Maana yake mama anapokandamiza ule mkono wa mashine na ganda likapasuka, kinachomrukia vidoleni ni mafuta mabichi yenye asidi yake yote na kadoli yake yote. Katika hao wawili kadoli ndiye mkali zaidi kwa ngozi.

Kwa nini yanaunguza hivyo? Ule mkia unapenda mafuta, na ngozi yetu ina mafuta. Kwa hiyo dutu hii haisimami juu ya ngozi ikisubiri kuoshwa, inazama. Ikishazama, pete inashambulia. Madhara yako ya namna mbili, na watu wengi wanayachanganya. Ya kwanza ni kuungua kwenyewe: kila mtu anaungua, ni suala la kiasi na muda. Ngozi inakuwa nyeusi, inakakamaa, inabanduka, na ule weusi hautoki kwa kusugua kwa sababu umo ndani ya ngozi. Utaondoka ngozi ikijibadilisha. Ya pili ni mzio. Mwili wa mtu ukishaitambua dutu hii kama adui, siku nyingine tone dogo tu linatosha kuamsha muwasho, uvimbe na malengelenge, na hayatokei hapohapo bali baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana mdogo wako alivimba siku ya pili, si siku aliyowasha jiko. Watu wanaopatwa na hili mara nyingi husumbuliwa pia na utomvu wa embe, kwa kuwa mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja na kemikali zao ni za jamii moja. Muulize mdogo wako kama midomo inamwasha akila embe bila kumenya. Huko Marekani kuna mmea wa porini, wa ukoo huohuo, ambao kila mwaka huwafanya watu wengi wajikune kwa sababu ya ndugu wa dutu hizi anayeitwa urushioli. Mwaka 1982 katika jimbo la Pennsylvania watu zaidi ya 50 walitokwa na vipele vya namna hiyo baada ya kula korosho zilizokuwa na vipande vya maganda. Korosho zenyewe zilitoka Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma kutoka hapo ulipo. Kwa hiyo kazi ya kuchambua vipande vya maganda kwenye korosho karanga, yaani viini vilivyobanguliwa, si urembo wa kumfurahisha mnunuzi.

Mama afanye nini? Glavu kwanza, lakini si zile nyembamba za mpira zinazotumika hospitali, kwa sababu mafuta haya yanazipenya na kisha zinayafungia ndani pamoja na jasho, ikawa afadhali hata asingevaa. Atafute glavu nene za naitrili (mpira wa kiwandani) au za plastiki nzito, azioshe nje kila jioni, na azitupe zikishaanza kunata kwa ndani. Najua wabanguaji wengi hawapendi glavu kwa kuwa zinapunguza kasi, na malipo ni kwa kilo. Huko India, ambako kazi hii hufanywa na wanawake wengi sana, wengi hupaka mikono mafuta ya nyonyo au majivu kabla ya kukata. Mafuta ya mimea yanasaidia kweli: yanatangulia kujaza ngozi, na ya ganda yanabaki juu. Majivu yananyonya, lakini yana magadi na yakikaa na jasho nayo yanakausha na kuchubua ngozi. Ningechagua mafuta. Ya nyonyo ni mazito na yanadumu, ila ya ufuta au ya nazi yanafaa pia, na ya ufuta kwenu hayakosekani.

Mafuta mabichi yakimmwagikia kwenye ngozi, asikimbilie maji peke yake, hayatasaidia, yatayasambaza. Apanguse kwa kitambaa kikavu, apake mafuta ya kula, apanguse tena, ndipo aoshe kwa sabuni na maji mengi. Afanye mara mbili. Asitumie petroli wala mafuta ya taa kama nilivyowahi kuona kwenye karakana moja. Vimiminika hivyo vinayeyusha mafuta ya ngozi na kufungua mlango ili haya mengine yaingie zaidi. Yakiingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, halafu hospitali moja kwa moja, bila kungoja kesho. Hospitali pia kama uso umevimba mpaka macho yanafumba, kama kuna usaha au homa, au kama mtu anapumua kwa shida.

Kuhusu jiko la mdogo wako: maganda mabichi yanawaka vizuri mno, hilo ndilo tatizo. Nguvu ya joto ya mafuta haya inakaribia ile ya dizeli. Lakini katika jiko la kawaida sehemu ya mafuta haiungui, inapaa na moshi kama ukungu mwembamba na kutua usoni, machoni, mapafuni, na kwenye chakula kilicho wazi. Asikaushie samaki wala asichomee mahindi juu ya moto huo. Maganda yaliyokamuliwa mafuta ni kuni nzuri zaidi, na yakigeuzwa mkaa kwenye tanuri lenye bomba la moshi, mbali na nyumba, yanakuwa bora zaidi. Hapo kwenye pipa la mvuke, kama kina mama wanachochea maganda mabichi, wawekeeni bomba la kupandisha moshi juu ya paa. Bati mbili zilizokunjwa zinatosha kuanzia.

Hukuniuliza dawa, ila najua swali linalofuata, kwa sababu kila ninapozungumzia jambo hili mzee mmoja husimama na kusema yeye alitibu chunjua au magaga kwa mafuta ya korosho. Simbishii. Asidi ya salisili ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za chunjua zinazouzwa duka la dawa, na nimeshakwambia anakadiki ni ndugu yake. Katika maabara asidi ya anakadiki inaua baadhi ya bakteria, na inaua konokono wa maji wanaobeba kichocho. Lakini dawa ya dukani imepimwa kiasi, haina kadoli, na haina ule mkia wa kuzamia. Mzee mmoja akipona chunjua, mwingine anapata kidonda cha miezi miwili. Kwa mchwa ni habari nyingine. Nguzo ya mlango au miguu ya kichanja ikipakwa mafuta haya, mchwa wanaikwepa, na huko Kerala wavuvi wamekuwa wakipaka mitumbwi yao tangu zamani. Tumia brashi ya mpini mrefu, acha mbao zikauke kabisa kabla mtu hajazigusa, na usipake kitanda wala kiti.

Haya, mnunuzi wako wa breki. Hajakudanganya. Kuanzia miaka ya 1920 mkemia wa Marekani Mortimer Harvey aliyafanyia kazi mafuta haya akaonyesha kwamba yanaweza kugeuzwa resini, ile dutu ya kunata inayokauka ikawa ngumu, na bidhaa nyingine za kiwandani. Kadanoli ikichanganywa na fomalini inafungamana, pete kwa pete, mpaka inakuwa dutu ngumu isiyoyeyuka tena hata ukiichemsha. Fenoli ya kawaida inayotokana na petroli inafanya hivyohivyo, lakini inakauka ikawa kama kioo, inapasuka. Ya korosho ina ile mikia ya kaboni 15 katikati, kwa hiyo ugumu wake una ulaini ndani, na haipendi maji. Inasagwa ikawa unga, na unga huo unachanganywa kwenye pedi za breki na sahani za klachi. Dereva wa lori anaposhuka mteremko wa kutoka uwanda wa Makonde kuelekea Masasi akiwa amekanyaga breki, pedi inapata moto mkali sana. Ule unga unasaidia breki ishike kwa utulivu badala ya kukwama na kupiga kelele.

Matumizi hayaishii hapo. Kutoka kadanoli wanatengeneza vigumushi vya rangi za epoksi (rangi ngumu za kukinga chuma), ambavyo sifa yake kubwa ni kukauka hata kwenye baridi na juu ya chuma chenye unyevu. Viwanda vya meli vinavipenda kwa sababu hiyo: chuma cha meli hakingojei kikauke vizuri ndipo kipakwe. Kuna vanishi, kuna rangi nyeusi ya kung'aa ambayo Wajapani huitumia badala ya utomvu wa mti wao wa asili, kuna gundi, kuna vilainishi vya mpira, kuna sabuni za viwandani. Na kuna matumizi ya hali ya chini kabisa, kuyachoma kwenye matanuri badala ya mafuta mazito ya petroli. Kwa maoni yangu huo ni ubadhirifu, lakini ndiko yanakoishia mengi.

Hebu fikiria hili. Sehemu kubwa ya korosho za Kusini husafiri ghafi kwenda India na Vietnam, na maganda yake ndani. Katika kilo 100 za korosho ghafi, kiini ni kama kilo 20 hadi 25, na maganda yanakaribia kilo 70. Tunalipwa kwa kilo, sawa, lakini mnadani hakuna anayetutajia mafuta. Viwanda vilivyojengwa Mtwara na Lindi miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 vilikusudiwa kubangua hapahapa. Vingi vikasimama, na vingine vikaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Kwa hiyo kikundi cha mama yako, kwa udogo wake, kina kitu ambacho ghala kubwa la mjini halina: maganda yaliyobaki nyumbani.

Tukamue au tuuze? Mashine nzuri ya kukamua kwa kubana inatoa karibu asilimia 20 ya uzito wa maganda. Yaani kila kilo 100 za korosho ghafi zinazobanguliwa zinakupa kilo 12 hadi 15 za mafuta mabichi. Sasa rudi kwenye somo la pete na mkia. Mabichi hayo yana asidi. Kiwanda cha breki kinataka kadanoli, na viwango vya India kwa mafuta haya vinataka yakipashwa moto yasipungue uzito zaidi ya asilimia 2, na maji yasizidi asilimia 1. Ya kwenu yatapungua. Asidi ya anakadiki ikivunjika inapoteza karibu sehemu moja ya nane ya uzito wake kama hewa ukaa, na kwa kuwa ndiyo theluthi mbili ya mafuta, kilo 100 zitabaki kama kilo 92 kabla hujahesabu maji. Mnunuzi mjuzi anajua hesabu hiyo na bei yake ameshaikata. Mnunuzi mjanja anajua vilevile, ila anakwambia mafuta yako "yana takataka". Muulize swali moja tu: unanunua mabichi au yaliyopikwa? Akishindwa kujibu, ni dalali, na nyuma yake kuna mwingine anayejua.

Msijaribu kuyapika wenyewe kwenye pipa ili yapande bei. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu mtu akishasikia "nyuzi 200" anaona ni kuni tu. Hewa ukaa inapotoka, mafuta yanafura kama maziwa, yanamwagika kwenye moto, na moto wa mafuta haya hauzimwi kwa ndoo ya maji. Kazi hiyo inataka chombo kirefu, kipimajoto, bomba la kutolea hewa, na watu waliofundishwa. Yakipita joto au yakikaa motoni mno yanaganda kuwa lami, na hasara inabaki kwenu.

Kama ningekuwa katibu wa kikundi, msimu huu ningeuza maganda kwa kilo iliyopimwa kwenye mizani, si kwa gunia. Gunia ni ndugu yake kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho kwa vipimo vya kienyeji. Ningeyaweka mahali pakavu penye paa, maana ganda lililonyeshewa linatoa mafuta yenye maji na linaoza. Na kabla ya kufikiria mashine ya kukamua ningehesabu tani za maganda za vikundi vya jirani, Kitangari na Tandahimba kwa mfano, kwa sababu mashine inayofanya kazi wiki tatu kwa mwaka haijilipi. Mkifika hapo, mafuta yawekwe kwenye madumu ya plastiki ngumu. Asidi yake inakula chuma, na pipa la chuma litayafanya yawe meusi zaidi. Acheni yatulie wiki kadhaa ili maji na matope yashuke chini, mchote ya juu. Kwa kibali cha kuhifadhi na kusafirisha, ulizeni Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuhusu soko ulizeni Bodi ya Korosho, makao yake yako hapohapo Mtwara.

Jambo la mwisho ni lile pipa la mvuke. Maji yanayobaki chini baada ya kupika korosho yana utando wa mafuta hayohayo. Chimbeni shimo mbali na kisima na mbali na njia ya maji ya mvua, myamwage humo na kufukia kwa mchanga. Yasimwagwe bondeni wanakokunywa mbuzi.